Lenzi Pana Huchaguliwa kwa Kilicho Miguuni: Ufafanuzi kwa Wapiga Picha za Mandhari

Swali huja kwa maneno yale yale: ninunue lenzi pana ya milimita ngapi kwa ajili ya mandhari? Kumi na nne, kumi na sita, ishirini, au hata ishirini na nne inatosha? (Milimita zikiwa chache, lenzi huona pana zaidi; zikiwa nyingi, ni lenzi ndefu, inayovuta kilicho mbali.) Dukani jibu huwa jepesi: mandhari ni kubwa, basi chukua iliyo pana kuliko zote. Kwa jibu hilo watu wametoa fedha nyingi, wakasafiri mbali, na wakarudi na picha zisizofanana hata kidogo na walichokiona kwa macho.

Chukua mfano wa Amboseli alfajiri. Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, iko wazi, mawingu bado hayajapanda. Mpiga picha anafunga lenzi yake mpya ya milimita 16, anapiga kwa furaha, na akija kuifungua picha kwenye kompyuta anakuta anga tupu juu, nyasi tupu chini, na katikati kichuguu cheupe. Mlima mrefu kuliko yote Afrika umekuwa kichuguu. Lenzi haina hitilafu yoyote. Imefanya kazi yake sawasawa, ila kazi hiyo siyo aliyoitaka mwenyewe.

Hesabu inayoeleza jambo hili ni fupi, na inafaa kila mpiga picha wa mandhari aijue kabla hajatoa hela. Zidisha milimita za lenzi kwa urefu wa kitu, kisha ugawe kwa umbali uliopo kati yako na kitu hicho. Unachopata ni ukubwa wa kitu hicho kwenye sensa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera. Kilele cha Kibo kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Tambarare ya Amboseli iko kwenye mita 1,150 hivi. Kwa hiyo mlima unainuka mbele yako kama kilomita 4.7, nawe, ukiwa upande wa Ol Tukai, uko kama kilomita 45 kutoka kileleni. Kwa lenzi ya milimita 16: 16 mara 4.7, gawa kwa 45, unapata milimita 1.7. Sensa ya kamera ya fulu fremu, yaani yenye sensa kubwa ya ukubwa wa filamu ya zamani ya milimita 35, ina kimo cha milimita 24. Mlima mzima, kutoka tambarare hadi kwenye barafu, umechukua sehemu moja kati ya 14 ya kimo cha picha. Sehemu 13 zilizobaki ni anga na nyasi.

Weka lenzi ya 24, mlima unafika milimita 2.5, kama sehemu moja ya kumi. Weka 70, unapata milimita 7.3, unakaribia theluthi. Kwa lenzi ya 100 unapita milimita 10, na sasa Kibo inaonekana jinsi macho na moyo vilivyoiona. Zile picha maarufu za tembo wakipita chini ya Kilimanjaro kwa kawaida hupigwa kwa lenzi ndefu, na sababu ni hesabu hii.

Sasa fanya hesabu ile ile kwa kitu kilicho karibu. Jiwe lenye kimo cha sentimita 30, umbali wa sentimita 60 kutoka kwenye lenzi ya milimita 16, linachukua milimita 8 kwenye sensa. Theluthi nzima ya picha! Jiwe la kuinuliwa kwa mkono mmoja limekuwa karibu mara tano ya Kilimanjaro. Hapo ndipo ilipo siri yote ya lenzi pana. Inakuza kilicho karibu na kukidogosha kilicho mbali, na inafanya hivyo kwa nguvu zaidi kadiri inavyozidi kuwa pana. Kwa hiyo anayetaka kuchagua lenzi asianze kwa kuuliza mandhari ni kubwa kiasi gani. Ajiulize kwanza: nitaweka nini mbele, na nitaweza kukisogelea kwa kiasi gani?

Jibu linabadilika kwa mahali. Pale Amboseli, na vivyo hivyo Serengeti, huruhusiwi kushuka garini isipokuwa sehemu zilizotengwa. Kamera yako iko dirishani au juu ya paa lililofunguliwa, karibu mita mbili au zaidi kutoka ardhini, na kitu cha kwanza kilicho mbele yako ni nyasi zilizo mita kadhaa kutoka gurudumuni. Lenzi ya 16 hapo haina cha kukuza. Anayekwenda kwenye hifadhi za wanyama tu, tena kwa gari, hahitaji lenzi pana sana. Lenzi ya kawaida inayoanzia 24 itamtosha, na fedha iliyobaki aiweke kwenye lenzi ndefu. Nalisema hili bila kusita kwa sababu ndilo kosa la ununuzi linalorudiwa zaidi ya yote.

Lakini mchukue mtu huyo huyo, na lenzi hiyo hiyo ya 16, umpandishe mlima wenyewe kwa miguu hadi bonde la Barranco, kwenye urefu unaokaribia mita 4,000. Pale inaota mimea ya ajabu ya Dendrosenecio, yenye mashina manene na vichwa vya majani mapana, mingine mirefu kuliko mtu mara mbili au tatu. Nyuma yake ukuta wa Kibo umesimama karibu kabisa. Unaweza kusimama mita moja kutoka kwenye shina, ukainamisha goti, na picha ikajaa kuanzia kokoto za chini hadi barafu ya juu. Mlima ni ule ule na lenzi ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali uliposimama, na mahali pa kusimama ndipo panapoamua uwiano wa vitu katika picha. Lenzi huamua tu kiasi gani cha hayo kitaingia ndani ya fremu.

Mwambao nako kuna utajiri wa aina hii. Paje na Jambiani, kule Unguja, siku za bamvua, bahari inapokupwa hurudi nyuma sana na kuacha mchanga wenye mikunjo, vidimbwi, na safu za vijiti vya mashamba ya mwani. Ukishusha kamera hadi usawa wa goti, mikunjo ya mchanga inakuwa mistari mikubwa inayomvuta mtazamaji hadi kwenye ngalawa zilizolala mbali. Wakati wa maji mafu, bahari haiendi mbali hivyo, na lenzi ile ile inakosa cha kushika. Kwa hiyo kalenda ya mwezi mwandamo ina uzito mkubwa kuliko milimita mbili za tofauti kati ya lenzi na lenzi. Ziwa Natron nalo, majira ya ukame, huwa na ukoko wa magadi uliopasukapasuka unaofaa sana kuwekwa mbele, huku mlima Ol Doinyo Lengai, mita 2,962, ukiwa kusini mwake. Pita hapo kwa uangalifu: ukoko ule hauaminiki kila mahali, na mwenyeji wa kukuongoza ni wa lazima.

Kuna aina ya pili ya mahali panapodai lenzi pana: pale ambapo huwezi kurudi nyuma. Korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha, kwenye sehemu zake nyembamba, kuta ziko karibu kiasi cha kuzigusa. Isimila, nje kidogo ya Iringa, nguzo za udongo na mawe zilizochongwa na mmomonyoko zinakuzunguka na kukuzidi urefu. Katika sehemu kama hizi upana ni hitaji la kweli, na milimita 14 hadi 18 zina kazi.

Baada ya hapo ndipo namba zinaanza kuwa na maana. Kwenye fulu fremu, lenzi ya milimita 24 inaona nyuzi 74 kutoka kushoto hadi kulia. Ya 20 inaona 84, ya 16 inaona 97, na ya 14 inaona 104. Angalia jambo moja: kutoka 16 hadi 14 ni milimita mbili tu, lakini umeongeza nyuzi saba. Kutoka 70 hadi 72 pia ni milimita mbili, na hakuna atakayetambua tofauti. Upande wa lenzi pana kila milimita ni ghali, kwa bei na kwa ugumu wa kuitumia. Kwa maoni yangu, anayeanza mandhari aanzie 20 au 24. Kwa upana huo bado unaweza kupanga picha kwa utulivu. Kwenye 14 kila kitu kinaingia, pamoja na kivuli chako, miguu ya tripodi na begi uliloliweka pembeni, na kosa dogo la mpangilio linakuwa kubwa.

Wenye kamera zenye sensa ndogo, na ndio wengi kwetu, wapige hesabu moja zaidi. Ili kupata upana wa lenzi kwa kipimo cha fulu fremu, milimita zake huzidishwa kwa 1.5 kwenye kamera za APS-C (aina ya sensa ndogo) za Nikon, Sony na Fujifilm, kwa 1.6 kwenye za Canon, na kwa 2 kwenye zile za Micro Four Thirds, zenye sensa ndogo zaidi. Ile lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera inaona, kwenye 18, kama 27 ya fulu fremu. Siyo mbaya, lakini siyo pana sana. Ukitaka kufika kwenye upana wa 16 unahitaji lenzi inayoanzia 10, na zipo nyepesi zisizo na bei ya kutisha, kama Canon EF-S 10-18 na Nikon AF-P 10-20. Na kabla hujanunua chochote, toa simu mfukoni. Simu nyingi za siku hizi zina kamera kuu inayokaribia upana wa 24 hadi 26, na ile ya pili, pana zaidi, inayokaribia 13. Nenda nazo ufukweni au shambani, piga kwa zote mbili, na uone ni ipi macho yako yanairudia. Ni jaribio la bure, nalo litakuambia zaidi ya maelezo ya muuzaji.

Suala la f/2.8 dhidi ya f/4, yaani ukubwa wa tundu la lenzi linalopitisha mwanga (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), linawachanganya wengi, kwa kuwa bei hupishana sana. Kwa mandhari ya mchana hulihitaji tundu kubwa la lenzi. Unataka kila kitu kiwe kikali, kuanzia jiwe la mbele hadi mlima, hivyo utafunga tundu hadi f/8 au f/11. Na lenzi pana zina neema hapa: milimita 16 kwenye f/8, ukilenga fokasi umbali wa mita 1.1, kila kitu kuanzia sentimita 55 hivi hadi upeo wa macho kinakuwa na ukali wa kukubalika. Kwa milimita 24 kwenye f/11 unalenga kama mita 1.8, na ukali unaanzia sentimita 90. Usiende f/22 kwa kudhani utaongeza ukali, maana mwanga ukipita kwenye tundu dogo mno unatawanyika na picha nzima inalegea.

Tundu kubwa linalipa usiku. Nasi tuna bahati ya anga ambayo wakazi wa nchi za kaskazini ya mbali hawanayo. Kati ya Juni na Agosti, kipupwe kikiwa kimetuliza mawingu sehemu nyingi za bara, kitovu cha Njia Nyeupe, ule mkanda mkubwa wa nyota, hupita juu sana angani saa za usiku. Lenzi ya f/1.8 inapokea mwanga karibu mara tano ya f/4, na tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha picha safi na picha iliyojaa chengachenga. Kanuni ya kuanzia ni kugawa 500 kwa milimita za lenzi: kwa 20 unapata sekunde 25, ingawa sensa zenye megapikseli nyingi zitaanza kuonyesha nyota zikiburuzika kabla ya hapo, na sekunde 15 ni salama zaidi. Kama usiku ndio mapenzi yako, lenzi moja ya 20 yenye f/1.8, isiyo zumu (yaani isiyobadilisha milimita), ni ununuzi bora kuliko zumu nzito ya f/2.8. Ya Sony ina gramu 373 tu.

Kwa wengine wote nashauri zumu ya f/4, na sababu yake ni jua letu. Karibu na ikweta jua huzama likishuka karibu wima. Kutoka linapogusa upeo hadi giza kuingia ni dakika ishirini na kitu. Mpiga picha wa Norway wakati wa kiangazi ana saa nzima na zaidi ya mwanga wa dhahabu wa kubadilisha lenzi na mawazo. Sisi hatuna. Ukiwa na 14-30 au 16-35 unazungusha mkono na kuendelea, tena bila kufungua kamera kwenye vumbi la Natron au chumvi ya pwani. Na f/4 ni nyepesi: Nikon Z 14-30 f/4 ina gramu 485, wakati ile 14-24 f/2.8 ya zamani ya kamera za DSLR, zile zenye kioo cha kuakisi ndani, ilikuwa kama kilo moja. Anayepanda mlima kwa siku sita atauhisi uzito huo kila saa.

Lenzi hiyo ya zamani inaleta jambo jingine la kuangalia: kioo chake cha mbele kimetuna, hakina nyuzi za kufungia filta. Lenzi nyingi za 14 ziko hivyo. Kama unapenda kupiga maji ya maporomoko yawe laini kwa filta nyeusi, hakikisha lenzi inakubali filta ya kawaida. Ile 14-30 inakubali ya milimita 82. Filta ya polaraiza ni nzuri sana kwa kuondoa mng'ao kwenye majani mabichi na mawe yenye unyevu, kwa mfano kwenye maporomoko ya Sanje kule Udzungwa. Usiitumie kwa anga ukiwa na lenzi pana. Inatia giza zaidi sehemu ya anga iliyo pembe mraba na jua, na kwa kuwa lenzi yako inaona zaidi ya nyuzi 90, utapata bluu nzito upande mmoja na anga iliyopauka upande wa pili.

Kuhusu kupinda kwa picha, tenganisha mambo mawili. Upeo wa bahari ukijikunja kama umevimba katikati, hiyo ni tabia ya vioo vya lenzi, na programu za kuhariri picha huinyoosha mara moja kwa kutambua aina ya lenzi. Lakini mtu aliyesimama pembeni mwa fremu akanenepa, au nguzo za Isimila zikainamiana kama zinataka kuanguka, hiyo ni jiometri tupu. Lenzi ya bei yoyote ile itafanya hivyo. Mtu mweke karibu na katikati. Nguzo zitasimama wima ukiiweka kamera sawa bila kuielekeza juu, kisha ukakata ardhi iliyozidi. Pale ndipo upana wa ziada unapofaa kuwa nao.

Zipo mandhari ambazo lenzi pana haiziwezi kabisa, na Ngorongoro ni mojawapo. Ukisimama ukingoni, kwenye mita 2,300 hivi, kreta inatanda kila upande: upana wa kilomita 19 hivi, kina cha mita 600. Lenzi ya 16 itaukusanya upana wote, lakini ukuta wa upande wa pili utakuwa uzi mwembamba usiofika hata milimita moja kwenye sensa. Tumia lenzi ya 50, simamisha kamera wima, piga picha sita hivi ukigeuka taratibu, kila moja ikiingiliana na jirani yake kwa theluthi, kisha uziunganishe kwa programu. Utapata upana ule ule wenye maelezo mengi mno zaidi, kwa lenzi ambayo huenda tayari unayo.

Wengi wetu tutanunua lenzi iliyotumika, na hakuna ubaya wowote kama utaikagua vizuri. Kwanza ulizia kama inafanya kazi na kamera yako, si kama inafunga tu. Lenzi za EF-S za Canon, za sensa ndogo, hazifungi kwenye kamera za DSLR za fulu fremu. AF-P za Nikon zinafunga kwenye kamera za zamani kama D90 na D3000 lakini hazilengi fokasi, hata kwa mkono. Kisha mulika tochi kupitia lenzi kutoka nyuma, tundu likiwa wazi, na utafute nyuzinyuzi za kuvu. Lenzi iliyokaa miaka Tanga, Mombasa au Unguja bila kuhifadhiwa pakavu mara nyingi huwa nayo, na kuvu ikishakula mipako ya kioo haisafishiki ikaisha.

Mwisho piga ukuta wenye matofali, kamera ikiwa sambamba nao, tundu likiwa wazi kabisa, na uzikuze pembe zote nne kwenye skrini. Pembe zote kulegea kidogo ni kawaida kwa lenzi pana, zitakaza ukifika f/8. Ukikuta kushoto ni kali na kulia kumelegea, kuna kioo kilichohama ndani, pengine kwa kuanguka. Lenzi hiyo iache hata muuzaji akishusha bei nusu, kwa sababu kurekebisha kioo kilichohama kunahitaji mitambo ambayo mafundi wengi wa mitaani hawana.